Mafunzo na Kudumu Kazini: Barundi kati ya Shaba ya Katanga na Mkonge wa Tanganyika

Utangulizi

Msafiri atokaye Bujumbura akishika njia ya magharibi huvuka daraja la Mto Rusizi, na punde hufika Gatumba, mji mdogo ulio mwisho wa ardhi ya Burundi. Hauko mbali na jiji. Mwendo wenyewe haufiki kilomita 20. Mbele yake ni mpaka wa Kongo, kisha Kavimvira, kisha Uvira. Mkaaji wa Gatumba huzungumza Kirundi nyumbani, na atokapo kwenda sokoni, forodhani au kwenye kituo cha magari hutumia Kiswahili, kwa kuwa wanunuzi, madereva na wachukuzi anaokutana nao ni wa pande zote mbili.

Katika mahali kama hapa swali la kudumu kazini si jambo la vitabuni tu. Fundi wa magari, muuguzi, karani au mwalimu aliyefunzwa upande mmoja aweza kuvuka na kutafuta kazi upande wa pili. Ndiyo maana waajiri wengi, wa umma na wa watu binafsi, huuliza: ya nini kutumia fedha na wakati kumfundisha mtu ambaye kesho atakwenda zake? Swali hili limesikika hata katika shule zetu, pale mwalimu anapoomba ruhusa ya kwenda masomoni na kuambiwa kwamba wenzake waliokwenda hawakurudi.

Katika makala haya tunakusudia kulitazama swali hilo kwa njia ya historia. Hatutakwenda mbali na Gatumba kutafuta mfano, kwa sababu Barundi wenyewe, katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, waliajiriwa na waajiri wakubwa wa aina mbili waliolijibu swali hili kwa namna mbili zilizo kinyume. Upande wa mashariki kulikuwa na mashamba ya mkonge ya Tanganyika. Upande wa magharibi kulikuwa na migodi ya shaba ya Katanga. Tukiilinganisha mifano hii miwili tutaona kwamba mafunzo husaidia sana kumdumisha mfanyakazi, lakini si kwa nguvu zake yenyewe. Mafunzo humdumisha mtu pale tu yanapofuatwa na njia ya kupanda.

Njia mbili za kutoka Urundi

Majeshi ya Ubelgiji yaliitwaa Ruanda na Urundi kutoka kwa Wajerumani mwaka 1916, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza nchi hizo ziliwekwa chini ya Ubelgiji kwa idhini ya Shirika la Mataifa. Kwa sheria ya tarehe 21 Agosti 1925 ziliunganishwa kiutawala na Kongo ya Wabelgiji. Kodi ililipwa kwa fedha taslimu, na mwananchi wa kawaida hakuwa na fedha. Aidha, kulikuwa na kazi za lazima, kilimo cha lazima na kiboko. Watu wakatoka. Wengine walitoka kwa kuandikishwa, wengine kwa hiari, na wengine kwa kukimbia.

Waliokwenda mashariki walielekea Tanganyika na Uganda. Reli kutoka Dar es Salaam ilikuwa imefika Kigoma tangu mwaka 1914, na kwa njia hiyo watu wa Urundi, pamoja na Waha na makabila mengine ya magharibi ya Tanganyika, walifika kwenye mashamba ya mkonge ya Morogoro na Tanga. Wengine walipanda kaskazini hadi Buganda kulima pamba na kahawa za wenyeji. Mwaka 1944 wenye mashamba ya mkonge waliunda chombo chao cha kuandikisha vibarua, kilichojulikana kwa jina la SILABU.

Waliokwenda magharibi walipelekwa Katanga, kwenye kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga. Safari yao ilianzia Usumbura, ambayo leo ni Bujumbura. Walipanda meli wakashuka na Ziwa Tanganyika hadi Albertville, ambayo sasa huitwa Kalemie. Hapo wakapanda gari la moshi hadi Kabalo kwenye Mto Lualaba. Kisha wakapanda mto kwa mashua ya moshi hadi Bukama. Na kutoka Bukama wakachukua tena reli hadi Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo. Mtu aliyezoea hewa ya baridi ya vilima, maharagwe, mtama na ndizi, alijikuta baada ya majuma kadhaa katika kambi ya wageni, akila unga wa mahindi na kuchimba mawe ya shaba.

Mkonge: kibarua ni namba

Tuanze na mashariki. Neno manamba walijua sana wasomaji wetu. Asili yake ni neno la Kiingereza lenye maana ya tarakimu, kwa sababu kibarua aliyeandikishwa alipewa namba na kwa namba hiyo aliitwa. Neno likakaa katika Kiswahili likawa jina la mtu, na likavuka mpaka likajulikana hata Burundi. Ni nadra lugha kutunza siri ya mfumo mzima wa kazi kwa neno moja namna hii. Aitwaye kwa namba si mtu anayetarajiwa kukua, anatarajiwa kuhesabiwa.

Kibarua wa mkonge alifanya kazi kwa kipande. Kila siku aliyomaliza kazi yake ilitiwa alama, na alama 30 zilipotimia ndipo alipopata ujira wake kamili. Kazi yenyewe ya kukata majani ya mkonge ilikuwa ngumu mno, ila haikuhitaji mafunzo marefu. Kisu, jua na siku chache za kuzoea zilitosha. Mwenye shamba aliona kwamba mkataji akiondoka, mwingine ataletwa na treni. Basi hakuona sababu ya kumfundisha lolote. Waliofunzwa ufundi wa mitambo ya kuchambua nyuzi au ukarani walikuwa wachache mno kando ya umati wa wakataji.

Matokeo yake tunayajua. Kibarua alimaliza mkataba akarudi kwao, au alitoroka kabla ya kuumaliza. Waajiri walilalamika mwaka baada ya mwaka kwamba Mwafrika hapendi kazi ya kudumu, kwamba hutafuta fedha za kodi na za nguo tu kisha huenda zake. Hawakujiuliza kama wao wenyewe walikuwa wamemwonyesha chochote cha kukaa nacho. Yafaa tukumbuke jambo hili, kwa maana ndilo jibu la kwanza kwa mwajiri wa leo anayeogopa kufundisha. Manamba hawakufunzwa, na bado waliondoka. Kutomfundisha mtu hakujapata kumzuia asiende.

Shaba: mwajiri ajifunza kuhesabu

Sasa tuje magharibi. Union Minière iliundwa mwaka 1906. Reli kutoka kusini ilifika Elisabethville mwaka 1910, na mwaka uliofuata shaba ya kwanza iliyeyushwa kwenye tanuri la Lubumbashi. Katika miaka hiyo ya mwanzo kampuni haikutofautiana sana na wenye mashamba ya mkonge. Wafanyakazi wake wengi waliletwa kutoka Rhodesia ya Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia, na kutoka sehemu mbalimbali za Katanga, kwa mikataba ya miezi michache. Tangu mwaka 1910 kulikuwa na chombo maalumu cha kuandikisha watu, Bourse du Travail du Katanga, na mawakala wake walizunguka vijijini wakisaidiwa na machifu na askari.

Mfumo huo ulikuwa na hasara tatu. Kwanza, gharama ya kumtafuta mtu, kumlisha njiani na kumfikisha mgodini ilikuwa kubwa, na alipoanza kuizoea kazi muda wake ulikuwa umekwisha. Pili, watu waliotoka mbali walikufa kwa wingi katika kambi zilizosongamana. Tatu, vijiji vilivyo karibu vilichoka kutoa vijana, na katika miaka ya 1920 tume za serikali ya kikoloni yenyewe zilionya kwamba haiwezekani kuendelea kuwaondoa wanaume vijijini bila mpaka.

Ni wakati huo kampuni ilipoielekea Ruanda-Urundi. Kuanzia mwaka 1925 maelfu ya vijana walianza kupelekwa Katanga kwa njia ile tuliyoieleza. Matokeo yalikuwa ya kuhuzunisha. Mabadiliko ya chakula na hewa, pamoja na maradhi ya matumbo na ya mapafu, yaliwaua wengi kiasi cha kuwatia hofu hata waajiri. Kisha ikaja njaa kubwa ya miaka ya 1928 na 1929 huko Ruanda na Urundi, na baada yake msukosuko wa uchumi wa dunia. Uandikishaji ukasimamishwa. Kwa mama wa Kirundi aliyempoteza mwanawe, hesabu ilikuwa ya machozi. Kwa kampuni, hesabu ilikuwa ya faranga. Lakini hesabu hizo mbili zilifundisha jambo moja: mtu aliyefika na akapona ana thamani kuliko mtu mpya anayekwenda kutafutwa.

Sera ya kudumisha wafanyakazi

Kutokana na hesabu hiyo, tangu katikati ya miaka ya 1920 Union Minière ilianza kufuata sera mpya, ya kuwatuliza wafanyakazi na kuwadumisha. Mikataba mifupi iliachwa polepole, ikaletwa mikataba ya miaka mitatu. Mfanyakazi aliruhusiwa na hata kuhimizwa kuja na mkewe. Mke na watoto walipewa posho. Zikajengwa nyumba za matofali, zahanati za wajawazito na shule. Msimamizi mashuhuri wa sera hiyo alikuwa daktari Léopold Mottoulle, ambaye mwaka 1946 alichapisha maelezo ya miaka 20 ya utekelezaji wake.

Kiini cha sera hiyo kilikuwa mafunzo. Mwaka 1925 kampuni ilipatana na Wabenediktini, chini ya Monsinyori Jean-Félix de Hemptinne, ili waendeshe shule katika kambi za wafanyakazi. Wasalesiani, waliofika Elisabethville mwaka 1911, walikuwa na shule yao ya ufundi. Mtoto wa mfanyakazi alitarajiwa kuzaliwa katika zahanati ya kampuni, kusoma katika shule ya kampuni, kufundishwa useremala, uashi au ufundi wa mashine, na hatimaye kuingia kazini palepale alipokuwa baba yake. Wasichana walifundishwa kushona na kutunza nyumba. Kwa watu wazima, aliyeingia akiwa mchimbaji wa sururu aliweza kufunzwa kuendesha mashine, kuwa fundi wa umeme, dereva wa gari moshi la mgodini, au kapita, neno lililotumika Kongo nzima kwa msimamizi wa kundi la wafanyakazi.

Msukosuko wa uchumi ulipoanza mwaka 1930, maelfu ya wafanyakazi waliachishwa kazi. Hata hivyo msukosuko huo uliithibitisha sera. Kampuni iliwapunguza pia Wazungu, ambao gharama yao ilikuwa kubwa, na baadhi ya kazi zao zikakabidhiwa Waafrika waliofunzwa. Biashara ya shaba iliporejea, watu wachache wenye ujuzi, wakisaidiwa na mitambo, waliweza kutoa shaba nyingi kuliko umati wa zamani. Na watu hao hawakuwa wakiondoka. Kambi zikawa makazi, na makazi yakawa miji: Lubumbashi, Likasi, Kipushi, Kolwezi. Watoto waliozaliwa humo walijiita kwa Kiswahili cha huko bana Shaba, yaani wana wa Shaba. Mwanahistoria Donatien Dibwe dia Mwembu, wa Chuo Kikuu cha Lubumbashi, amekusanya kwa miaka mingi kumbukumbu za familia hizo.

Basi, tukiishia hapa, jibu lingekuwa rahisi: fundisha, nao watabaki. Lakini hatuwezi kuishia hapa, kwani habari yenyewe haikuishia hapa.

Lugha ya kazi na lugha ya cheo

Kabla ya kuendelea, sisi walimu wa Kiswahili yatupasa kuuliza: mafunzo hayo yalitolewa kwa lugha gani? Katika miaka ya kwanza, lugha iliyotumika sana kati ya bwana na kibarua ilikuwa ile lugha ya migodi ya kusini, iliyotokana na Kizulu na kuchanganywa na maneno ya Kizungu. Wafanyakazi wa Rhodesia walipopungua na wa Kongo na Ruanda-Urundi walipoongezeka, Kiswahili kilichukua nafasi yake. Johannes Fabian, katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 1986, ameonyesha jinsi kilivyokua pamoja na utawala na viwanda hadi kikawa lugha kuu ya kazi ya Katanga.

Hapana shaka hilo lilikisaidia Kiswahili kuenea. Mrundi, Mluba na Mbemba walikutana mgodini wakaelewana kwa Kiswahili. Mwaka 1965 André Yav alitunga kwa Kiswahili cha huko historia ya mji wa Elisabethville, kwa niaba ya chama cha watu waliokuwa watumishi wa nyumbani. Ni ushahidi kwamba lugha ya kambi ilikuwa imekwisha kuwa lugha ya kumbukumbu na fikira.

Walakini tukivitazama vitabu vidogo vya Kiswahili walivyotungiwa Wazungu wa Katanga, tunakuta vimejaa sentensi za kuamrisha. Leta, beba, chimba, ngoja, fanya upesi. Kiswahili kilitakiwa kifikishe amri. Mazungumzo kati ya watu walio sawa hayakukusudiwa. Kifaransa, kwa upande wake, ndicho kilichokuwa lugha ya hesabu za juu, ya michoro ya uhandisi na ya ofisi, na wachache tu ndio waliofunguliwa mlango wake. Kwa hiyo ngazi ya kazi ilikuwa pia ngazi ya lugha. Mfanyakazi alifundishwa kwa Kiswahili hadi ngazi fulani, na hapo ngazi ilikatika.

Dari juu ya ngazi

Neno fundi na neno fundisha yana shina moja, na shina hilo ndilo lililo pia katika kumfunda mwari na katika mafunzo. Katika fikira za Kiswahili, fundi ni mtu aliyefunzwa akaiva, na aliyeiva huweza kufunza wengine. Mwanagenzi huwa fundi, na fundi huchukua wanagenzi wake. Ngazi haina dari.

Katanga ilikuwa na dari. Mwafrika angeweza kuwa fundi hodari wa mashine, na bado akawa chini ya Mzungu aliyemfundisha yeye kazi. Ujira wake ulipimwa kwa kipimo kingine kabisa. Alipouliza kuhusu cheo aliambiwa angoje. Wahenga wamesema ngoja ngoja huumiza matumbo.

Matumbo yaliumia mwaka 1941. Vita vilikuwa vimeongeza mahitaji ya shaba. Kazi ilizidi na bei za vitu zilipanda, lakini ujira wa Waafrika haukwenda pamoja na bei. Mwezi wa Desemba wafanyakazi wa Union Minière waligoma. Tarehe 9 Desemba, kwenye uwanja wa mpira wa Lubumbashi, askari waliwapiga risasi wafanyakazi waliokusanyika, na makumi ya watu wakauawa, miongoni mwao Léonard Mpoyi, aliyejulikana kuwa msemaji wao.

Tuyapime maana ya tukio hilo. Hawa hawakuwa vibarua wa miezi michache. Hawa ndio waliodumishwa: wenye nyumba za matofali, wake, watoto shuleni, na ujuzi mikononi. Kibarua wa mkonge asiyeridhika alitoroka. Fundi wa Katanga asiyeridhika hakutoroka, kwa kuwa maisha yake yote yalikuwa pale. Alibaki na kudai. Sera ya kudumisha ilikuwa imefanikiwa katika kumtuliza mwili wake, lakini ilikuwa imemfundisha kujua thamani yake bila kumpa njia ya kuipata. Mafunzo yasiyo na njia ya kupanda huzaa kinyongo, na kinyongo cha mtu aliyesoma hakina budi kusema siku moja.

Dari hilo halikuwa la kampuni moja tu. Kongo ilipopata uhuru tarehe 30 Juni 1960, wananchi wake waliokuwa na shahada za chuo kikuu walihesabika kwa makumi machache tu, na jeshi halikuwa na ofisa hata mmoja Mkongo. Siku tano baadaye kamanda wa Kibelgiji, Jenerali Janssens, aliwaeleza wanajeshi wake kwamba baada ya uhuru mambo yatabaki kama yalivyokuwa kabla ya uhuru. Wanajeshi wakaasi. Walikuwa wamefunzwa silaha kwa miaka mingi, na jibu waliloambiwa kuhusu kupanda cheo likawa hapana.

Baada ya dari kuvunjwa

Mwanzoni mwa mwaka 1967 mali za Union Minière nchini Kongo zilichukuliwa na serikali, na kampuni mpya baadaye ikaitwa Gécamines. Sasa vyeo vilifunguka. Watoto wa wachimbaji wakawa wahandisi, wahasibu na wakurugenzi, na Kiswahili kikasikika hata kwenye ofisi za juu. Katikati ya miaka ya 1980 kampuni ilitoa zaidi ya tani 400,000 za shaba kwa mwaka. Ni dhahiri kwamba Mwafrika hakukosa uwezo, alikosa ngazi.

Hata hivyo, haki inatulazimu kueleza na sehemu ya mwisho. Kuporomoka kwa mgodi wa Kamoto mwaka 1990, uongozi mbovu, madeni na machafuko ya kisiasa vililiangusha shirika hilo. Wafanyakazi walikaa miezi mingi bila mshahara. Mwaka 2003, kwa mpango uliogharimiwa na Benki ya Dunia, zaidi ya wafanyakazi 10,000 waliachishwa kazi kwa kile kilichoitwa kuondoka kwa hiari. Walikuwa na ujuzi, walikuwa na vyeo, na walikuwa wamedumu miaka 20 na 30. Lakini mkono mtupu haulambwi. Kwa hiyo tusidhani kwamba cheti na cheo vyaweza kuchukua mahali pa ujira. Nguzo ni tatu: mafunzo, njia ya kupanda, na malipo ya haki. Ikianguka moja, paa hushuka.

Kurudi Gatumba

Tumetoka Gatumba kwa njia ndefu, na sasa turudi. Burundi iliingia katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 1 Julai 2007. Itifaki ya Soko la Pamoja, iliyoanza kutumika mwaka 2010, ilikubali msingi wa wafanyakazi kwenda kutoka nchi moja mwanachama hadi nyingine. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo nayo ikajiunga mwaka 2022, na hivyo Gatumba, iliyokuwa ukingo wa Jumuiya, ikawa ndani yake. Mpaka huu umefungwa na kufunguliwa mara nyingi kwa sababu ya vita na maradhi, lakini mwelekeo wa sheria ni mmoja: mwajiri hataweza kumshika mfanyakazi kwa kumfungia mlango. Itambidi amshike kwa kumfungulia mlango mwingine, ulio ndani.

Kwa Kiswahili jambo hili lina uzito wake. Lugha yetu imeingizwa katika shule za msingi za Burundi tangu miaka ya 2000, pamoja na Kirundi, Kifaransa na Kiingereza. Ofisa wa forodha, wakala wa mizigo, muuguzi wa mpakani na mwalimu wote wanaihitaji. Lakini ikiwa Kiswahili kitabaki kuwa lugha ya kumwelewa mteja tu, na vyeo vyote vikapimwa kwa lugha nyingine, tutakuwa tumeijenga upya ngazi ya Katanga. Mwalimu aliyepewa kipindi cha Kiswahili kwa kuwa tu alizaliwa Gatumba au Buyenzi, bila kozi, bila kitabu, bila tumaini la kuwa siku moja mkaguzi au mkufunzi, ni manamba wa darasani. Tusishangae akivuka.

Wajibu wetu kama chama cha walimu ni wa namna mbili. Kwanza, tunapodai mafunzo, tudai pia kile kinachofuata: baada ya kozi, mwalimu atapanda daraja gani, na baada ya miaka mingapi. Mafunzo yasiyotajwa katika kanuni za utumishi ni zawadi tu, na zawadi haimjengi mtu nyumba. Pili, tutumie ujuzi wa wale waliokwisha kuiva. Mwalimu mkongwe akikabidhiwa wanagenzi, yeye hupata cheo na wao hupata mafunzo, na shule haitumii fedha nyingi. Hilo ndilo lililokuwa jambo la kawaida kwa mafundi wetu tangu zamani, kabla ya kampuni yoyote kuja.

Neno cheo, kabla halijawa jina la daraja kazini, lilikuwa na maana ya kipimo. Mfanyakazi aulizaye cheo chake anauliza apimwe kwa haki. Wale vijana waliopanda meli Usumbura mwaka 1925 hawakupimwa, walihesabiwa. Karne moja imepita. Yule atakayemwajiri mjukuu wao Gatumba aanze kwa kumuuliza jina, kisha amwonyeshe ngazi ilipo.